Mengineyo, Eleza

Nimepewa majina thelathini na saba,
salio la shilingi mia tano
na dodoso la maswali ishirini na mawili.
Kila simu dakika kumi na tano, alisema msimamizi,
ukizidisha hapo, unaongea kwa mfuko wako.

Naketi Nyalenda, nyuma ya kinu cha unga.
Kinu kikisaga, nangoja.
Kikinyamaza, napiga.
Hii ni wiki ya tatu ya kipindupindu.

"Kwa kipimo cha moja hadi tano,
tano ikiwa ni dharura kabisa,
shirika lako linahitaji mafunzo kwa kiasi gani?"

Dismas Oluoch wa vijana wa Obunga akacheka.
"Weka sifuri."
Sifuri haimo, nikamwambia.
"Basi weka moja, lakini uishike kwa ncha za vidole,
kama unavyomtoa panya aliyekufa.
Tumefunzwa kunawa mikono mara nne mwaka huu.
Stoo yangu ina mabango mia sita ya kunawa mikono.
Sabuni nimeinunua kwa karo ya mtoto."

Lenah Kavosa, kina mama wa Nyamasaria,
alijibu huku akihesabu vidonge vya maji:
arubaini na moja, ndiyo, arubaini na mbili,
tano, arubaini na tatu, nne, hapana, ngoja,
nimepotea, tuanze upya.
Mpaka leo sijui ipi ilikuwa jibu na ipi dawa.

Mwisho wa dodoso pana kisanduku: *Mengineyo, eleza*.
Kinameza herufi sitini, nafasi zikihesabiwa,
kisha kinafumba mdomo.
Ndiyo maana huko Nairobi watasoma:

*Tunaomba gari la usiku, bodaboda wanaogopa kubeba mtu anayet*

*Choo cha shule kimefurika hadi kwenye kisima, mwalimu mkuu a*

*Sisi hatujambo, ila wahudumu wangu wawili tangu Jumapili haw*

Jina la ishirini na tisa: Perpetua Akeyo.
Simu ikapokewa na sauti ya msichana.
"Mama yuko hospitali."
Nikauliza atatoka kazini saa ngapi.
"Hayuko kazini. Amelazwa."

Dodoso lina njia tatu za kumfunga mtu:
Alikubali. Alikataa. Hakupatikana.
Nikabonyeza ya tatu,
ilhali alikuwa amepatikana vizuri sana,
ila si nami.

Siku ya tisa akapiga mwenyewe,
sauti imepungua kilo.
"Wewe ndiye uliyenitafuta? Haya, uliza."
Nikauliza. Akajibu bila haraka, akipumzika kati ya maneno,
hadi swali la kumi na tisa:
shirika lina mpango gani
endapo kiongozi atashindwa kufanya kazi?

Kimya. Nikadhani salio lake limekwisha.
"Mpango upo. Anaitwa Quinter, yuko kidato cha pili,
ndiye aliyepokea simu yako.
Alichukua daftari langu, akapita nyumba arubaini na sita,
akatibu maji ya kila moja, akaandika majina.
Mwandiko wake mbaya. Majina yote yapo."

Kinu kikaanza. Nikapaza sauti: subiri!
Akasubiri, kwa salio lake,
gunia zima la mahindi ya mtu likisagwa.
Kiliponyamaza, nikakuta swali limegeuka:

"Na wewe, hayo maji unayokunywa hapo, umeyatibu?"

Nikalitazama dumu la njano mlangoni.
Miaka miwili nauliza watu wanahitaji nini,
na dumu lile nilikuwa nalijaza tu.

Katika *Mengineyo* nikaandika:
*Perpetua Akeyo amepatikana.*
Zikabaki herufi thelathini na tatu. Nikaziacha.

Kisha nikaenda kwa jirani kuomba kidonge.
Kimoja kwa lita ishirini, alikuwa amesema,
tikisa, ungoje nusu saa, usionje kabla.
Nikatikisa.
Jina la thelathini lilikuwa tayari kwenye kioo cha simu.
Nalo likangoja.